Mtumbwi ukikaa nchi kavu: afya ya akili ya mvuvi

Kati ya Mei na Agosti upepo wa mwera huchafua Ziwa Nyasa, na kwenye mialo ya Kyela mitumbwi hulala nchi kavu siku nyingi. Upande wa Rukwa, wavuvi wa Kasanga na Kirando walishuhudia Ziwa Tanganyika likifungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, ili samaki wazaliane. Sababu ni tofauti, lakini nyumbani shida ni ileile: mvuvi hajui fedha itaingia lini, ila tarehe ya rejesho la kausha damu, mkopo wa riba kubwa, anaijua.

Dalili ambayo familia nyingi huipita ni usingizi. Mvuvi wa dagaa amezoea kukesha na taa usiku wa giza na kulala mchana. Kazi ikisimama, mwili unaendelea kukesha. Watoto wamelala, mke amelala, yeye anahesabu madeni gizani. Pombe humpa usingizi wa mapema, kisha humwamsha usiku wa manane akiwa na huzuni zaidi. Asubuhi anafoka kwa jambo dogo. Ukimuuliza, atasema kichwa kinauma au mwili hauna nguvu. Wanaume wetu hawasemi wana huzuni. Majirani wanasema amekuwa mvivu, wengine wanasema karogwa. Hali hii ikizidi wiki mbili, huenda ni sonona, yaani ugonjwa wa huzuni isiyoisha, na sonona inatibika.

Aamke saa ileile kila siku, aende mwaloni kushona nyavu na wenzake wa chombo hata kama hakuna safari. Hilo mimi naliweka mbele ya mawaidha yote. Kina mama wanaokausha na kuuza samaki nao wanaumia, mara nyingi mikopo iko kwa majina yao. Kikao cha vikoba ni mahali pazuri pa kuulizana hali.

Mvuvi akisema "nikifa mtapumzika", muulizeni waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimpandikizii wazo, linampa nafasi ya kulitoa moyoni. Dawa za kunyunyizia kakao na mpunga ziondoke nyumbani siku hiyohiyo, zikatunzwe kwa ndugu. Asiachwe peke yake. Mpelekeni kituo cha afya kilicho karibu; ikibidi atapewa rufaa hadi Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Kwa ushauri, namba 199 ya Wizara ya Afya hupigwa bila malipo.