Je, wajua kwa nini malori ya mzee hayagawanywi katika mirathi?

Katika familia nyingi za wafanyabiashara wa Dar es Salaam, mara nyingi kabla hata arobaini haijafika, huulizwa swali hili: mzee aliyeanzisha kampuni akifariki, malori yake, ghala lake na bidhaa zilizomo hugawanywaje? Jibu fupi ni kwamba havigawanywi, kwa sababu havikuwa vyake. Nilikuja kulijua jibu hilo nikiwa nimekwisha kukosea, na kosa lenyewe niliandika kwa mkono wangu.

Baba yangu mkubwa alianza maisha ya mjini kwa kusukuma mkokoteni Kariakoo. Kutoka kwenye mkokoteni akapata meza ya misumari na bawaba, kutoka kwenye meza akapata fremu ya duka Gerezani, na alipofariki kulikuwa na ghala Vingunguti na Fuso mbili za kusambazia saruji na nondo. Katika kikao cha familia nyumbani kwake Temeke nilikabidhiwa daftari niorodheshe mali za marehemu. Niliandika Fuso mbili, nikaandika mifuko ya saruji, tani za nondo, fedha zilizoko benki, kisha nikapiga mstari na kujumlisha. Mhasibu wake wa miaka mingi, mama mtu mzima ambaye hakuwa amesema neno tangu tuanze, alifungua faili akatoa kadi ya lori na kuweka kidole mahali palipoandikwa jina la mmiliki. Halikuwa jina la Baba Mkubwa, lilikuwa jina la kampuni. "Hivi si vya mzee, mwanangu," alisema. "Mzee alikuwa na hisa."

Nimekutana na kosa hilo mara nyingi tangu siku ile, na ninaelewa linakotoka. Lugha yetu yenyewe inalilea, kwa kuwa hatusemi duka la kampuni fulani, tunasema duka la Mzee fulani, na dereva akiulizwa lori ni la nani hutaja jina la mtu. Mzee mwenyewe huishi hivyo: akijenga chumba cha uani huchukua mifuko kumi ya saruji ghalani bila kuandika popote, na ada ya shule ya mjukuu huitoa kwenye droo ya duka. Hata hivyo kosa hili lina madhara ya pande mbili. Upande mmoja, mrithi anayeondoka na lori akiamini anachukua haki yake anakuwa, kisheria, amechukua mali ya mwingine, na wanaoidai kampuni wanaweza kumfuata. Upande wa pili, warithi huwakimbia wauzaji wa jumla walioikopesha kampuni, wakidhani deni la kampuni litaila nyumba ya marehemu, ilhali kwa kawaida deni hilo ni la kampuni na hulipwa kwa mali ya kampuni.

Kanuni hii, kwamba kampuni na mwenye kampuni ni wawili tofauti, ilithibitishwa kwa kesi ya mzee mwingine aliyejijenga kwa mikono yake, fundi na mfanyabiashara wa viatu wa London aliyeitwa Aron Salomon. Alianza karibu bila mtaji, na baada ya zaidi ya miaka 30 alikuwa na maghala makubwa katika mtaa wa High Street, Whitechapel. Alikuwa na mke, binti mmoja na wana watano, ambao wanne kati yao walifanya kazi kwake kama waajiriwa tu na kila siku walidai kushirikishwa katika biashara. "Walinisumbua wakati wote," alisema baadaye. Mwaka 1892 akaigeuza biashara kuwa kampuni. Sheria ya wakati ule ilitaka wanahisa wasiopungua saba, kwa hiyo mkewe, binti yake na wana wanne walipewa hisa moja moja, naye akashika 20,001 kati ya hisa zote 20,007. Aliiuzia kampuni biashara yake kwa takriban pauni 39,000, na kwa sehemu ya bei hiyo akapewa hati za deni za pauni 10,000 zilizodhaminiwa na mali ya kampuni.

Mambo yakaharibika upesi. Biashara ya viatu ilidorora, wafanyakazi wakagoma, zabuni za taasisi za umma zilizokuwa tegemeo lake zikagawanywa kwa kampuni nyingine, na maghala yakajaa viatu visivyonunuliwa. Kufikia mwishoni mwa 1893 kampuni ilikuwa mikononi mwa mfilisi, yaani mtu anayekusanya mali ya kampuni iliyoshindwa ili wadai walipwe, ambaye alidai kuwa kampuni ile ilikuwa Salomon mwenyewe aliyebadili jina, hivyo alipe madeni yote kutoka mfukoni mwake. Mahakama mbili zilikubaliana naye. Tarehe 16 Novemba 1896 Baraza la Malodi, ambalo ndilo lililokuwa mahakama ya juu kabisa, liliamua kinyume: kampuni ikishasajiliwa kama sheria inavyotaka ni nafsi nyingine kabisa, hata kama biashara ni ile ile, wasimamizi ni wale wale na faida inaingia mikono ile ile. Linalonigusa ni kwamba Salomon alifika mbele ya mahakama hiyo akiwa ameruhusiwa kukata rufaa kama maskini, asiye na uwezo wa kulipa gharama za kesi. Alishinda kanuni akiwa amekwisha kupoteza mali.

Namna rahisi ya kuielewa nafsi hiyo ni kufikiria mtoto mkubwa. Mzee alimzaa, alimlisha, alimsomesha, na pengine bado wanafanana kwa sura na mwendo. Mzee akifariki, hakuna anayeingia chumbani kwa mtoto huyo kugawa viatu vyake kwa hoja kwamba marehemu ndiye aliyemkuza. Viatu ni vya mtoto, na madeni ya mtoto ni ya mtoto. Mfano huu hata hivyo unaishia mahali, kwa kuwa mtoto hana wanahisa, na hapo huona afadhali niwakumbushe watu wa pwani habari ya minazi. Kwa desturi zetu za pwani mnazi unaweza kuwa wa mtu mmoja na ardhi uliposimama ikawa ya mwingine. Jicho linaona shamba moja, desturi inaona mali mbili. Ndivyo ilivyo ghala la Vingunguti, ambapo saruji ni mali ya kampuni, na hisa, yaani haki ya kupiga kura, kupokea gawio na kupata kinachobaki kampuni ikifungwa na madeni yakalipwa, ni mali ya mwanahisa. Kinachorithiwa ni hii ya pili.

Sheria za Uingereza zilipokelewa Tanganyika kwa tarehe ya 22 Julai 1920, na leo Sheria ya Makampuni ya 2002, Sura ya 212, inaichukulia kampuni iliyosajiliwa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, kwa namna hiyo hiyo. Kuna tahadhari ambazo hazipaswi kurukwa. Maduka mengi ya Kariakoo si kampuni, yamesajiliwa jina la biashara tu, na hapo mali na madeni yote ni ya mzee mwenyewe. Benki nazo mara nyingi humtaka mzee atie dhamana binafsi au aweke nyumba rehani, na kwa deni hilo nyumba inaweza kuguswa. Mahakama pia inaweza kulivua pazia la kampuni iliyotumiwa kwa ulaghai, yaani kumfuata mtu aliyejificha nyuma yake. Na kama mzee alikuwa mkurugenzi pekee na mwenye saini pekee benki, kampuni inabaki hai lakini mikono imefungwa hadi mkurugenzi mwingine apatikane, kwa sababu kurithi hisa hakumfanyi mtu kuwa mkurugenzi papo hapo.

Kwetu hisa zilikuwa 100, za Baba Mkubwa 80 na za Mama Mkubwa 20. Baada ya mahakama kumthibitisha msimamizi wa mirathi, zile 80 ziligawanywa kwa sheria ya Kiislamu: mjane thumuni, yaani moja ya nane, ambayo ni 10, na 70 zilizobaki zikaenda kwa wana watatu, 20 kila mmoja, na binti 10. Mama Mkubwa sasa ana 30, wingi kuliko mwanawe yeyote, na akiungana na mwana mmoja na binti yake wanafika 60 katika 100. Kwenye hesabu yangu ya daftarini, iliyokuwa na Fuso mbili na wana watatu, binti hakuwa na gari hata moja. Katika mkutano wa kwanza wa wanahisa alikaa kando ya mama yake na hati yake ya hisa 10 kwenye bahasha, akapiga kura ya kuziweka Fuso zote mbili barabarani.