Keekee: kifaa tunachokijua kwa jina tu

Watoto wa shule za msingi Kenya hukariri msamiati wa vifaa vya ufundi: randa, msumeno, patasi, tupa, timazi, keekee. Ukiuliza keekee ni nini utajibiwa upesi kwamba ni kifaa cha kutobolea mbao. Jibu ni sahihi. Lakini mwekee mtoto huyo keekee ya kale mezani, ataigeuzageuza asijue ni kitu gani, na mwalimu wake huenda asijue vilevile. Karakana za leo zina drili ya umeme. Jina limebaki, kifaa chenyewe kimetoweka machoni.

Tuseme umefungua sanduku la babu aliyekuwa fundi wa majahazi. Tezo utaitambua, kwa kuwa mafundi wa vyombo bado wanaitumia. Chini yake kuna kijiti kinene cha mviringo, laini, chenye kiuno katikati, na kwenye ncha moja kimetiwa chuma chembamba. Wengi wangesema ni tendegu la kitanda cha mtoto. Pembeni kuna kipande cha mti kinachoenea kiganjani, kina tundu lisilotokea upande wa pili. Halafu kuna fimbo iliyopinda kidogo yenye kamba, na hapo ndipo watu hupotea kabisa, wakadhani ni upinde wa kuwindia ndege.

Vyote hivyo ni kitu kimoja, na kila kiungo kina jina lake. Kijiti chenye kiuno ni msukano. Kile cha kushika kiganjani ni jivu, na hakihusiani na majivu ya jikoni. Fimbo yenye kamba ni uta, kwa umbo lake tu. Chuma cha kwenye ncha ndicho keekee hasa, na jina lake likaja kubeba kifaa kizima.

Kamba ya uta huzungushwa mara moja kwenye kiuno cha msukano. Fundi huweka ncha ya chuma juu ya ubao, akaukandamiza msukano kwa jivu lililo mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia akausukuma na kuuvuta uta kama anayekata kwa msumeno. Msukano huzunguka huku, ukarudi kule. Kitenzi chake ni kupekecha, kilekile cha kupekecha moto kwa vijiti, na kilekile tunachotumia dumuzi anapoharibu mahindi ghalani.

Huko kwenda na kurudi ndiko kunakoitambulisha. Keekee ya chuma iliyokuja baadaye, yenye mkono uliopinda, huzungushwa upande mmoja, kwa hiyo ncha yake imesokotwa kama parafujo. Ya uta haiwezi kuwa hivyo, maana kila ikirudi ingejifungua kutoka kwenye mti. Ncha yake ni bapa, mfano wa mkuki mdogo, na inakwangua ikienda na ikirudi. Ukiona ncha bapa yenye makali pande zote mbili, umeshapata nusu ya jibu.

Nusu ya pili iko kwenye kiuno. Tendegu huchakaa chini, linapogusa sakafu. Msukano huchakaa katikati: kamba imepasugua miaka na miaka mpaka pakang'aa.

Kwa nini fundi wa chombo ahangaike hivyo? Kwa sababu mbao ngumu kama mvule au msaji ukiipigilia msumari mnene bila tundu, hupasuka. Jahazi moja lina misumari mamia kwa mamia, na kila msumari ulidai tundu lake kwanza. Kabla ya misumari hali ilikuwa ileile. Mtepe, chombo cha kale cha pwani yetu, haukuwa na msumari hata mmoja. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za nazi, na sindano haipiti palipozibwa. Vyombo vya kushonwa vimetajwa katika pwani hii tangu karne ya 1, kwenye kitabu cha safari kilichoandikwa kwa Kigiriki kinachoeleza habari za mji wa Rhapta.

Kifaa chenyewe kina umri mkubwa kuliko vyombo hivyo. Katika kaburi la Rekhmire huko Thebes, Misri, lenye umri wa miaka kama 3,400, wamechorwa maseremala wakipekecha mbao kwa uta. Jivu lao la kushika kiganjani Wamisri walilitengeneza hata kwa kokwa la koma, tunda la mkoma wa kwao, ndugu wa mkoma ambao huku pwani tunausuka miyaa yake kuwa mikeka.

Kwa hiyo ukikutana na vipande hivyo sandukuni, usikimbilie msasa wala vanishi. Ule mng'ao wa kiunoni ndio ushahidi wako, na ukiufuta utabaki na tendegu. Kamba ya uta ikiwa bado ipo, utaikuta imelegea. Usiikaze ukidhani imeharibika kwa uzee. Upinde wa mwindaji hukazwa sana, lakini uta wa keekee huachwa na ulegevu, kwa sababu kamba inapozungushwa msukano ndipo hujikaza yenyewe.