Kimchi si dawa ya chupa: maswali na majibu kuhusu chakula cha asili cha Kikorea

Tangu tamthilia za Kikorea zizoeleke sebuleni mwetu, watu wengi wananiuliza kuhusu vile visahani vinavyojaa mezani. Wengine wamevitamani tu. Wengine wameuziwa kichupa cha kimchi, ile kabichi nyekundu ya pilipili, wakaambiwa kinaponya kila ugonjwa, na hao ndio walionifanya nikae niandike. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa zaidi.

Mkorea wa jadi anakula nini hasa?

Wali, supu na vitoweo. Vitoweo ndivyo wanaviita banchan, navyo huwa vitatu, vinne au zaidi kwa mlo mmoja, kila kimoja kwenye kisahani chake, na mezani kila mtu anachota humo humo. Wali mara nyingi huchanganywa na shayiri, mtama au maharage. Kitoweo cha mboga huitwa namul: majani au chipukizi za soya huchovywa kwenye maji yanayochemka kwa muda mfupi, hukamuliwa kwa mkono, kisha hukolezwa kwa kitunguu saumu na mafuta kidogo ya ufuta. Basi. Pembeni kuna samaki, yai au tofu (maziwa ya soya yaliyogandishwa), na nyama kidogo.

Nyama ya nguruwe ya kuchoma na kuku wa kukaanga mnaowaona kwenye tamthilia ni vyakula vya mtoko, vya jioni na marafiki. Anayekula hivyo kila siku hajala chakula cha jadi. Faida ya meza ya Kikorea inaanzia hapa: mboga ni nyingi na za aina nyingi, soya ipo karibu kila siku, na mapishi makuu ni kuchemsha, kutokosa na kuchachusha, si kutumbukiza kwenye mafuta.

Kimchi ni nini, na kwa nini inasifiwa hivyo?

Ni mboga iliyochachushwa, na inayojulikana zaidi ni ya kabichi ndefu ya Kichina. Kabichi hupasuliwa kwa urefu, chumvi ya mawe hunyunyizwa kati ya jani na jani, kisha huachwa ilale saa kadhaa. Chumvi ikishaingia, shina jeupe la jani ukilikunja halivunjiki tena, linapinda kama mkanda wa ngozi. Hapo huoshwa mara tatu, huchujwa, na kila jani hupakwa mchanganyiko wa pilipili ya kusaga, kitunguu saumu, tangawizi, figili, majani ya vitunguu, na uduvi au dagaa waliochachushwa kwa chumvi. Hupangwa kwenye chombo na kukandamizwa hewa itoke. Baada ya siku moja au mbili ukifungua kifuniko utaona viputo vinapanda na kusikia mchemko mdogo, kama soda iliyofunguliwa.

Viputo hivyo ni kazi ya bakteria wa asidi ya laktiki, hasa jamii za Leuconostoc na Lactobacillus, ambao wamo kwenye mboga yenyewe. Wanakula sukari ya kabichi, wanatoa asidi, na asidi hiyo inawafukuza vijidudu wa kuozesha. Ndugu zao ndio wanaotugandishia maziwa na kuchachusha togwa, kwa hiyo sisi si wageni wa jambo hili. Gramu 100 za kimchi zina kalori zisizofika 25, pamoja na nyuzinyuzi, vitamini C na vitamini K.

Zamani, kabla ya baridi kali, familia na majirani walikusanyika kutengeneza kimchi ya miezi yote ya theluji na kuifukia ardhini kwenye mitungi ya udongo. Kazi hiyo inaitwa kimjang. UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2013 kwa jina la Korea Kusini, na mwaka 2015 kwa jina la Korea Kaskazini. Ilikuwa njia ya kuhakikisha watu wanapata mboga wakati shamba limeganda, na mimi naona hapo ndipo heshima yake ilipo.

Sayansi imethibitisha nini?

Imethibitisha kiasi, na nataka tuwe wakweli hapa. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha utafiti wa watu wazima 36 wenye afya. Kundi moja lilikula vyakula vingi vilivyochachushwa kwa wiki kumi, kimchi ikiwa miongoni mwake. Aina za bakteria tumboni mwao ziliongezeka, na viashiria vya uvimbe wa ndani ya mwili kwenye damu vilipungua. Ni matokeo ya kutia moyo, lakini watu 36 ni wachache.

Mwaka 2024 ukatoka utafiti wa Wakorea zaidi ya 115,000 wenye miaka 40 hadi 69. Waliokula kimchi kiasi, mara moja mpaka tatu kwa siku, hasa wanaume, walionekana kuwa na uwezekano mdogo kidogo wa unene uliozidi kuliko waliokula chini ya mara moja. Waliozidisha sana, faida hiyo haikuendelea kupanda. Utafiti wa namna hii unaonyesha mambo mawili yanayokwenda pamoja, hauonyeshi kwamba moja limesababisha jingine. Tena ulifadhiliwa na Taasisi ya Kimchi Duniani ya hukohuko Korea. Hilo halifanyi matokeo kuwa uongo, ila msomaji ana haki ya kulijua.

Nina vidonda vya tumbo. Nimeambiwa kimchi itaniponya.

Hapana, ndugu yangu. Vidonda vingi vya tumbo vinatokana na bakteria aitwaye Helicobacter pylori au matumizi ya muda mrefu ya dawa za maumivu. Bakteria huyo anapimwa hospitali na kutibiwa kwa dawa, zikiwemo antibiotiki, unazomeza mpaka mwisho. Kimchi ni kali kwa pilipili na chachu kwa asidi, na wengi wenye vidonda huumia zaidi wakiila. Tibu kwanza.

Na chumvi? Nina shinikizo la damu.

Hili ndilo swali ninalotaka kila mtu aulize, kwa sababu ndiyo doa la chakula hiki. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko cha chai kilichosawazishwa, sawa na miligramu 2,000 za sodiamu, yale madini yaliyomo kwenye chumvi. Gramu 100 za kimchi zina sodiamu kama miligramu 500. Robo ya posho ya siku imekwisha kabla hujagusa supu, sosi ya soya na samaki wa chumvi. Mwaka 2010 wastani wa Wakorea ulikuwa zaidi ya miligramu 4,500 kwa siku. Serikali yao iliamua kulikabili jambo hilo kwa kampeni ya kitaifa, na kufikia 2018 wastani ulishuka hadi karibu 3,300. Bado ni juu, lakini wameonyesha kwamba ulimi unafundishika.

Korea pia iko miongoni mwa nchi zenye saratani nyingi ya tumbo duniani. Chumvi nyingi na Helicobacter pylori vinatajwa pamoja katika jambo hilo, na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliziweka mboga za kuchachushwa za jadi za Asia kwenye kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani kwa binadamu. Wakorea hawakuacha kimchi. Waliweka mpango wa uchunguzi wa tumbo kwa kila aliyefikisha miaka 40, kila baada ya miaka miwili, na wagonjwa wengi hugunduliwa mapema.

Kwako mwenye shinikizo la damu: kimchi iwe vijiko viwili vitatu pembeni ya wali usiotiwa chumvi. Kwenye supu, kula mboga na tofu, mchuzi uache bakulini. Na zile tambi za pakiti zinazouzwa kama chakula cha Kikorea ziogope kweli. Pakiti moja inaweza kuwa na sodiamu miligramu 1,700 au zaidi.

Soya inaharibu nguvu za kiume?

Haiharibu. Tafiti nyingi zilizokusanywa pamoja hazikuona homoni ya testosteroni ikishuka kwa wanaume wanaokula soya. Wakorea huchemsha soya, huiponda, huifinyanga kama tofali, huiacha ikauke na kuota ukungu mzuri, kisha huilowesha kwenye maji ya chumvi. Maji yanakuwa sosi ya soya, na zile chenga zinakuwa doenjang, rojo la kahawia linalotiwa kwenye supu. Utapata protini na ladha nzito ya nyama bila nyama. Chumvi imo pia, kwa hiyo kijiko kimoja kinatosha sufuria ndogo.

Kwa nini mama aliyejifungua hupewa supu ya mwani?

Kama sisi tunavyompikia mzazi mtori au uji wa pilipili manga, Wakorea humpikia miyeokguk. Mwani wake una madini joto (iodini), kalisi na chuma. Mama anayenyonyesha anahitaji madini joto mengi kuliko wengine, karibu maikrogramu 250 kwa siku. Lakini mwani una mengi mno, na watafiti wa Korea wenyewe wameona watoto njiti ambao tezi ya shingo ilivurugwa kwa madini joto kuzidi kwenye maziwa ya mama. Bakuli la mara mojamoja halina shida. Bakuli tatu kila siku kwa wiki nzima, zungumza kwanza na daktari. Na mwani unaolimwa Zanzibar, ambao mwingi husafirishwa kwenda viwandani nje, ni wa aina nyingine, usiuchukulie kuwa huohuo.

Naweza kutengeneza kimchi nyumbani kwenye joto letu?

Unaweza. Tumia chombo safi cha kioo, usikijaze pomoni, na mboga izame kwenye maji yake. Kwa joto la pwani nusu siku hadi siku moja nje ya friji inatosha. Ikishatoa viputo na harufu ya uchachu, ipeleke kwenye baridi. Ukiona ukungu wenye manyoya, mwaga yote.

Mwenye ugonjwa wa figo aulize kliniki yake kabla ya kuonja. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asianze ghafla kula bakuli kubwa la kimchi au majani mabichi, kwa kuwa vitamini K inapunguza nguvu ya dawa. Mjamzito ale iliyopikwa ndani ya supu. Na mwenye mzio wa samaki au kamba asidanganywe na neno kabichi: uduvi umo ndani, hata kama hauonekani.