Ubongo hulindwaje damu inaposimamishwa kwenye upasuaji wa moyo

Katika upasuaji wa kawaida wa kufungua moyo, kama unaofanyika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam, moyo husimamishwa lakini damu haisimami. Mashine ya moyo na mapafu huipokea damu inayorudi kutoka mwilini, huitia oksijeni, kisha huisukuma tena mishipani. Ubongo unaendelea kulishwa. Ndugu wa mgonjwa wakiambiwa moyo utasimamishwa hudhani ubongo nao unakatiwa damu, na hofu hiyo huwatesa bure, kwa kuwa hayo ni mambo mawili tofauti.

Lakini lipo kundi dogo la operesheni ambazo mashine yenyewe huzimwa. Damu haiendi kichwani wala miguuni, na kipimo cha umeme wa ubongo huonyesha mstari ulionyooka. Mgonjwa hupozwa kwanza hadi nyuzi joto 18 au 20 hivi, badala ya 37 za kawaida, ndipo pampu inasimama. Huko ndiko kusimamisha mzunguko wa damu kwa ubaridi mkali, na kazi yote ya kuulinda ubongo huanzia hapo.

Kwa nini mtu afikishwe huko? Sababu kubwa ni tao la aota. Aota ni mshipa mkuu unaotoka moyoni. Hupanda juu, hupinda, kisha hushuka kuelekea tumboni, na pale unapopinda ndipo inapochipuka mishipa ya kichwa na mikono. Tao likitanuka hadi kukaribia kupasuka, au ukuta wake ukichanika kwa ndani, daktari hulazimika kulikata na kushona bomba la kitambaa maalumu mahali pake. Hawezi kulibana tu akaendelea na kazi, maana njia anayoifungua ndiyo inayolisha ubongo. Njia hii hutumika pia kwa baadhi ya watoto wachanga waliozaliwa na kasoro kubwa za moyo, na kwa wagonjwa wanaotolewa madonge ya damu yaliyoganda miaka mingi ndani ya mishipa ya mapafu.

Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote, na hauna akiba ya maana. Damu ikikatika ghafla katika joto la kawaida, mtu hupoteza fahamu ndani ya sekunde 10 hivi, na baada ya dakika 4 au 5 seli zinaanza kudhurika. Nishati ikiisha, pampu ndogo zilizo kwenye ngozi ya seli hushindwa kutoa chumvi nje. Kemikali iitwayo glutameti humwagika kupita kiasi, kalisi huingia ndani ya seli, na seli huanza kujiharibu yenyewe. Uharibifu huo unaweza kuendelea hata baada ya damu kurudi.

Ubaridi hauulishi ubongo. Unachofanya ni kupunguza njaa yake, kama makaa yaliyofunikwa majivu usiku: hayakuongezewa kuni, lakini asubuhi bado yana moto kwa sababu yalikuwa yanaungua polepole. Kila nyuzi moja ya joto inayoshuka hupunguza mahitaji yaliyobaki ya ubongo kwa takriban asilimia 6 au 7. Ukifika nyuzi 18, mahitaji yamebaki kama moja ya tano. Piga hesabu mwenyewe: ikiwa ubongo wenye joto huvumilia dakika 5, uliopozwa hivyo unaweza kuvumilia kama 25. Ndiyo maana madaktari wengi huichukulia nusu saa kuwa mpaka wa usalama. Zikipita dakika 40, hatari ya kiharusi hupanda waziwazi.

Wazo hili lilitoka Kanada. Mnamo 1950 Wilfred Bigelow wa Toronto alichapisha majaribio yake ya kupoza mbwa, akionyesha kuwa mnyama aliyepozwa anaweza kuvumilia kukatiwa damu kwa dakika kadhaa. Tarehe 2 Septemba 1952, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, John Lewis alimpoza msichana wa miaka mitano, akafunga mishipa inayoingiza damu moyoni, akaziba tundu lililokuwa ndani ya moyo kwa muda wa dakika tano na nusu, bila mashine yoyote ya kusukuma damu. Mtoto alipona. Mashine ya moyo na mapafu ya daktari Mmarekani John Gibbon ilifanikiwa kwa mgonjwa mwaka uliofuata, na ubaridi ukabaki msaidizi wake. Kisha 1975 Randall Griepp na wenzake wa Stanford wakaeleza jinsi walivyobadilisha tao la aota kwa wagonjwa wanne kwa kusimamisha mzunguko wa damu katika ubaridi mkali. Kabla ya hapo, wengi wenye ugonjwa huo hawakuwa na mahali pa kukimbilia.

Siku ya operesheni, damu hupozwa ndani ya mashine polepole, kwa muda mrefu, ili baridi ifike hadi ndani kabisa ya ubongo na isiishie juu juu. Joto hupimwa zaidi ya sehemu moja, kwa kawaida nyuma ya pua na kwenye kibofu, kwa sababu sehemu za mwili hazipoi kwa kasi moja. Barafu huwekwa kuzunguka kichwa. Damu baridi huwa nzito, kwa hiyo huongezewa maji kidogo ipite vizuri kwenye mishipa midogo. Dawa za kulinda ubongo pia hutolewa hospitali nyingi, zikiwemo za kundi la steroidi, ila ushahidi wa faida yake ni hafifu. Mlinzi halisi ni baridi na saa ya ukutani.

Watoto ndio waliotufundisha kuiogopa hiyo saa. Huko Boston, watoto wachanga 171 waliokuwa na mishipa mikuu ya moyo iliyobadilishana nafasi waligawanywa katika makundi mawili: kundi moja damu ilisimamishwa kwa sehemu kubwa ya operesheni, jingine mashine iliendelea kusukuma damu kidogo. Kundi la kwanza lilipata degedege zaidi baada ya upasuaji, na walipofikisha mwaka mmoja walikuwa nyuma katika matumizi ya viungo.

Ndiyo sababu wapasuaji wengi wa tao la aota leo hawauachi ubongo mkavu. Hupitisha mrija kwenye mshipa wa kwapa la kulia au moja kwa moja kwenye mishipa ya shingo, wakapeleka kichwani damu baridi, takriban mililita 10 kwa kila kilo ya uzito kwa dakika, huku mwili uliobaki ukisubiri. Hapo si lazima kushuka hadi nyuzi 18. Wengi huishia kati ya 24 na 28. Tatizo ni kwamba damu iliyoingia upande wa kulia inategemea duara la mishipa lililo chini ya ubongo ili ivuke kushoto, na kwa watu wengi duara hilo lina kasoro. Kwa hiyo vipimo vya mwanga hubandikwa pande zote mbili za paji la uso. Upande mmoja ukionyesha oksijeni kushuka, mrija wa pili unaongezwa.

Kwangu mimi, kwa kazi ndefu ya tao, kulisha ubongo ni bora. Lakini kazi ikiwa fupi, ubaridi peke yake unatosha. Utafiti wa Hospitali ya Papworth, Uingereza, uliochapishwa 2011, ulilinganisha njia hizi mbili kwa wagonjwa wa madonge ya mapafu, ambao damu husimamishwa kwa vipindi visivyozidi dakika 20, na haukuona tofauti katika uwezo wao wa kufikiri.

Kupasha joto upya kuna hatari ambayo watu wa nje hawaijui. Ubongo uliotoka kukosa damu hudhurika upesi ukipata joto kupita kiasi, kwa hiyo damu hupashwa taratibu na hairuhusiwi kuzidi nyuzi 37. Hewa iliyoingia kwenye mishipa hutolewa kabla damu haijaachiwa, kwani povu dogo tu likipanda kichwani linaweza kusababisha kiharusi.

Baada ya hapo mgonjwa anaweza kuchelewa kuamka, au akaamka akiita watu wasiokuwepo na kuisahau siku. Kuchanganyikiwa huko mara nyingi huisha ndani ya siku chache. Mkono usioinuka au mdomo uliopinda ni jambo jingine, na ndugu anayeliona kando ya kitanda amwite muuguzi papo hapo, asingoje daktari apite asubuhi.