Asili ya neno "blarney"
Sisi wa Bukavu, ambao Kifaransa tumekizoea kuliko Kiingereza, tukiuliza asili ya neno "blarney", yaani maneno matamu ya kumvisha mtu kilemba cha ukoka mpaka akubali analoombwa, tutajibiwa mara nyingi kwamba lilitamkwa kwanza na Malkia Elizabeth wa Kwanza, alipochoshwa na bwana wa ngome ya Blarney, karibu na mji wa Cork huko Ayalandi, aliyemsifu na kumwahidi mengi bila kuikabidhi ngome yake. Masimulizi hayo yanapendeza, lakini hayana ushahidi wa zama zake. Malkia alifariki mwaka 1603, ilhali mwandishi Oliver Goldsmith alimwita mhusika wake mmoja Lady Blarney mwaka 1766, na kamusi ya lugha ya mitaani ya Francis Grose, ya mwaka 1785, inautaja usemi wa kulilamba jiwe la Blarney. Pengo hilo ni kubwa mno kupuuzwa. Jiwe lenyewe, lililo kwenye ngome hiyo, ambalo wageni hulibusu wakitumaini kupata ufasaha, lilidaiwa kutoka Uskoti. Uchunguzi wa wanajiolojia uliotangazwa mwaka 2014 ulionyesha kuwa ni jiwe la chokaa la eneo hilohilo la Blarney.