Maana ya wati kwenye amplifaya ndogo ya besi

Anayetafuta amplifaya ndogo ya kufanyia mazoezi ya gitaa la besi nyumbani huanza na swali lile lile: "Ina wati ngapi?" Muuzaji anataja namba, mnunuzi anailinganisha na hela aliyonayo, biashara imeisha. Wati ni jambo la kweli na inafaa kulielewa. Lakini kwa mtu atakayepigia chumbani, cha kutazama kwanza ni spika na boksi lake, wati baadaye.

Wati ni kipimo cha nguvu ya umeme ambayo amplifaya inaweza kuisukumia spika. Si kipimo cha sauti. Umeme ukifika kwenye spika, karibu wote unageuka joto kwenye koili, na kiasi kidogo sana kinachobaki ndicho kinachotikisa hewa. Kwa hiyo amplifaya mbili zenye wati 20 kila moja zinaweza kupishana kabisa kwa sauti, kwa sababu spika ya moja inautumia umeme vizuri kuliko ya mwenzake.

Tena sikio halihesabu kama kikokotoo. Ukitoka wati 20 kwenda 40 unaongeza desibeli 3 tu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), tofauti ambayo unaisikia ukiwa makini. Ili sauti ionekane imekuwa kubwa mara mbili, unahitaji wati kama mara 10. Kwa hiyo kulipa zaidi ili uhame kutoka wati 15 hadi 25, kama spika ni ile ile, ni kununua kitu ambacho sikio lako halitakiona. Nyumbani, ukipiga kwa sauti ya kuongea na mtu, unatumia chini ya wati 1.

Angalia pia ni wati za aina gani. Kwenye masabufa ya madukani utakuta maandishi makubwa ya PMPO, maelfu kwa maelfu, huku chombo chenyewe unakibeba kwa mkono mmoja. Hiyo ni namba ya mweko wa kitambo kifupi mno, na kila mtengenezaji anaipima anavyotaka. Inayokufaa ni RMS, yaani nguvu ambayo chombo kinaweza kuitoa mfululizo. Ukiwa na shaka, kigeuze usome kibandiko cha nyuma: chombo hakiwezi kutoa mfululizo nguvu kubwa kuliko ile kinayovuta ukutani.

Sasa tuje kwenye besi yenyewe. Uzi wa E, ule mnene kuliko wote, ukipigwa wazi unatetema mara 41 kwa sekunde. Uzi mnene wa gitaa la kawaida unatetema mara 82. Ni oktavu moja tu, yaani mitetemo mara mbili, lakini kwa spika ni mzigo mzito: kila sauti inaposhuka oktavu moja, spika inatakiwa kusukuma hewa mara 4 zaidi ili isikike kwa kiwango kile kile. Ndiyo maana wati 20 zinazomtosha mpiga gitaa la solo hadi majirani wakalalamika, kwa mpiga besi zinakuwa za kunong'ona.

Jambo hili unaweza kuliona kwa macho. Chukua amplifaya yenye spika ya inchi 8, toa wavu wa mbele kama unatoka kirahisi, kisha piga uzi wa G wazi, ule mwembamba kuliko wote. Karatasi ya spika inatetemeka kidogo tu, karibu hujui kama inafanya kazi, na sauti imejaa. Piga E kwa nguvu ile ile: karatasi inaruka mbele na nyuma waziwazi, na bado sauti ni nyembamba kuliko ya G. Ongeza kitufe cha besi, nayo itaanza kukoroma. Hapo wati hazijaisha. Ni spika iliyofika mwisho wa mwendo wake, na hata ungeifunga kwenye wati 100 ungeichana tu. Spika ya inchi 10 ina eneo kama mara moja na nusu la ile ya inchi 8, na ya inchi 12 ni zaidi ya mara mbili. Eneo likiongezeka, karatasi haihitaji kwenda mbali ili kusukuma hewa ile ile.

Basi inakuwaje tunafanya mazoezi na vispika vidogo na bado tunasikia tunachopiga? Hapa mimi hustaajabu kila nikifikiria. Uzi wa E hautoi mitetemo 41 peke yake. Unatoa pia 82, 124 na mingine juu yake. Spika ndogo inaidondosha ile ya 41, lakini sikio likizipata hizo za juu linajua mama yao ni nani, linamjaza lenyewe. Unasikia E ingawa E yenyewe haimo hewani. Kwa kujifunza nyimbo, kupima muda na kusafisha vidole, hiyo inatosha kabisa. Usichokipata ni ule mgongano wa kifuani.

Kuna na tabia nyingine ya sikio iliyopimwa na watafiti Fletcher na Munson mwaka 1933: sauti zote zikipunguzwa, zile za chini ndizo zinazopotea kwanza. Saa nne usiku umepunguza sauti, watoto wamelala, na besi yako inasikika kama imekatwa miguu. Wengi hapo wanakimbilia kitufe cha besi. Gusa kwanza kile cha sauti za kati. Ndiko sikio linakoona vizuri, na noti zitatokeza bila kuitesa spika.

Majirani nao wana haki yao. Wimbi la E wazi lina urefu wa karibu mita 8, na ukuta wa chumba cha kupanga haulizuii, sembuse ule usiofika kwenye paa. Amplifaya ikiwekwa sakafuni kwenye kona, kuta na sakafu vinaiongezea besi. Ni jambo zuri kama spika ni ndogo na uko peke yako, baya kama kuna mtu upande wa pili. Iweke juu ya kiti, ielekee sikio lako, ujisikie vizuri kwa sauti ndogo. Na hakikisha ina tundu la hedifoni. Kwangu tundu hilo lina thamani kuliko wati 20 za ziada, kwa sababu hedifoni nzuri inakupa E kamili hata saa sita usiku. La pili ni tundu la kuingizia muziki wa simu: besi ya rumba huwezi kuijifunza peke yako kwenye ukimya, lazima uipige pamoja na tumba na gitaa la rithim.

Kwa namba, basi: wati 15 hadi 25 na inchi 8, mfano Fender Rumble 25 au Orange Crush Bass 25, ni za chumbani tu. Wati 40 na inchi 10, kama Rumble 40, nazipendelea kama hela inaruhusu. Zitakufikisha hata kwenye mazoezi ya kwaya isiyo na dramu nzito. Ampeg B-15 iliyotoka mwaka 1960 ilikuwa na wati 25 tu, na ilipendwa sana kwenye studio za Marekani, lakini spika yake ilikuwa ya inchi 15 ndani ya boksi zito. Kama una amplifaya ya gitaa la kawaida, itumie kwa sauti ndogo bila wasiwasi. Ukiipandisha, spika yake haikutengenezwa kwa mwendo ule.

Kwa za mtumba, soma volti kabla ya kitu chochote. Mwenzetu mmoja wa kwaya alitumiwa amplifaya na ndugu yake aliyeko Marekani, nzuri, haina hata mkwaruzo. Aliichomeka ukutani, taa ikawaka sana, tukasikia harufu, ikawa basi. Ilikuwa ya volti 120 na umeme wetu ni 230. Transfoma ya kushusha umeme ingeiokoa.

Ukienda dukani beba besi yako mwenyewe. Weka vitufe vyote katikati, kaa hatua mbili kutoka kwenye spika, piga E wazi polepole, kisha panda noti moja moja hadi uzi wa G. Sikiliza kama kuna noti zinazozama na nyingine zinazoruka. Ikikoroma, punguza besi uone kama itatulia. Isipotulia kwa sauti ya chumbani, iache hapo hapo dukani, hata kama imeandikwa wati 50.