Breketi ya kulabu: chuma kinachobeba gari likinasuliwa

Kila dereva wa porini anaijua kulabu ya kuvutia, ile ndoano nene iliyo chini ya bampa ambayo kamba hupachikwa gari likikwama. Breketi yake wachache huitazama. Breketi ni bamba nene la chuma lililokatwa na kukunjwa ili upande mmoja ulale kwenye chesisi na upande wa pili uishike kulabu. Kazi yake ni kuipokea nguvu inayokuja na kamba na kuifikisha kwenye chesisi, fremu ya chuma inayobeba gari lote. Kulabu hata iwe imara namna gani, ikifungwa kwenye breketi dhaifu inabaki pambo, na siku ya matope pambo hilo hung'oka na kuruka.

Nazungumzia breketi zisizo za kiwandani, zile zinazonunuliwa dukani au kutengenezwa gereji na kufungwa kwenye gari kuukuu. Mfano wangu utakuwa Land Cruiser za mfululizo wa 70, kwa kuwa ndizo ninazozifahamu na ndizo zilizojaa njia za porini Tanzania na Kenya. Toyota ilizitoa mara ya kwanza mwaka 1984, na ukiingia Arusha utakuta za miaka ya 90 bado zinafanya kazi, zenye injini ya 1HZ ya silinda sita na ujazo wa lita 4.2. Gari la umri huo limeshapitia mikono mingi. Chesisi imerefushwa ili viti viongezeke, bampa la asili limetolewa, mbele imewekwa ngao nzito ya mabomba. Kulabu ya kiwandani imezibwa na ngao hiyo, au iling'olewa ipishe winchi, au imebaki moja tu upande mmoja. Hapo ndipo mwenye gari anapoanza kuulizia breketi.

Kabla ya kununua, inafaa kutenganisha kukokota na kunasua. Kukokota ni kulivuta gari linaloviringika. Gari la tani tatu kwenye lami tambarare, likishaanza kutembea, halihitaji nguvu kubwa. Hata kamba ya kawaida inaweza kulivuta. Kunasua ni kulitoa gari lililoshikwa. Vitabu vya mafunzo vya jeshi la Marekani vina kanuni ambayo madereva wa porini duniani kote wameichukua: gari lililozama kwa kina cha magurudumu linahitaji nguvu inayolingana na uzito wake wote, likizama hadi kwenye madigadi, mara mbili ya uzito, likizama hadi kwenye kabini, mara tatu. Chukua Land Cruiser yenye abiria, mafuta na mizigo, tani tatu hivi, iliyoketi kwenye udongo mweusi wa mbuga wakati wa masika, madigadi yakigusa tope. Hiyo ni nguvu ya tani sita. Breketi nyingi za dukani zinauzwa kwa maneno ya kukokota, na mnunuzi anazifunga akiwa na mawazo ya kunasua.

Kosa la pili linatokana na matundu na vitanzi vilivyo chini ya magari yenyewe. Magari yanayokuja kwa meli kutoka Japani huwa na vitanzi vyembamba vya kulifungia gari sakafuni mwa meli lisiteleze. Kitanzi hicho kimeundwa kwa ajili ya kulituliza gari lisilokwenda popote. Ukikipachika kamba na gari lingine likavuta kwa kasi, kitafunguka kama ndoano ya samaki au kitachanika kikiwa na kipande cha bati. Kwa macho ya haraka kinafanana na kulabu ya kuvutia, na ndiyo maana nasisitiza: chuma cha kuvutia ni kinene, kimefungwa kwenye chesisi kwa bolti zaidi ya moja, na njia ya nguvu kutoka kwenye kulabu hadi kwenye chesisi unaweza kuifuata kwa kidole bila kukutana na bati.

Hatari kubwa kuliko zote ni ile bolu (tufe la chuma) ya kukokotea trela. Usiitumie kamwe kunasulia gari. Imetengenezwa kwa ajili ya mzigo unaokuja taratibu, na shingo yake nyembamba hukatika kwa mshtuko. Ikikatika huku kamba ya nailoni ikiwa imenyooka, inarushwa kama jiwe la kombeo. Australia, nchi yenye watu wengi wanaoendesha porini, watu wameuawa namna hiyo, wengine wakiwa wamekaa ndani ya gari nyuma ya kioo.

Sasa bolti, maana hapa ndipo breketi nyingi nzuri zinapoharibiwa. Kichwani mwa bolti ya kipimo cha milimita huandikwa namba kama 8.8, 10.9 au 12.9. Namba ya kwanza ukiizidisha kwa 100 unapata nguvu ya kuikata kwa kuivuta, kwa kipimo cha megapaskali. Ya pili inakuambia ni sehemu ngapi ya kumi ya nguvu hiyo itafikiwa kabla bolti haijaanza kurefuka na kutorudi. Kwa hiyo 8.8 hukatika kwenye megapaskali 800 na huanza kurefuka kwenye 640. Bolti ya M12 (yenye kipenyo cha milimita 12) yenye namba hiyo huhimili karibu tani 6.9 ikivutwa moja kwa moja, na ya 10.9 huzidi tani nane na nusu. Bolti za kipimo cha inchi, zinazopatikana kwenye magari ya zamani ya Kimarekani, hutumia mistari: mitatu kichwani ni daraja la 5, sita ni daraja la 8. Bolti isiyo na namba wala mstari irudishe dukani, hata kama inang'aa. Niliwahi kufungiwa breketi na fundi mmoja kwa bolti zisizo na alama yoyote. Mvuto wa tatu tu, shingo zake zilikuwa zimekonda kama mshumaa uliopashwa moto. Tulizitoa kwa mkono, nami nikashukuru kwamba hazikusubiri mvuto wa nne.

Kuna jambo la meno pia, na kwa wenye Toyota ni la lazima kulijua. Nati nyingi za M12 zilizochomelewa ndani ya chesisi ya Toyota zina meno ya karibu-karibu, hatua (umbali kutoka jino hadi jino) ya milimita 1.25. Bolti ya M12 ya duka la vifaa vya ujenzi mara nyingi ina hatua ya 1.75. Kwa macho zinafanana, na zote huingia mzunguko mmoja au miwili kabla ya kugoma. Fundi asiyejua huleta spana ndefu na kulazimisha. Bolti inaingia, naam, lakini inakata meno ya nati ambayo haiwezi kubadilishwa bila kuifungua chesisi. Bolti ikigoma kwenye mzunguko wa pili, itoe, pima.

Watu wengi hudhani bolti ndiyo inayobeba mzigo kwa mwili wake, kama msumari unavyobeba koti ukutani. Breketi iliyofungwa vizuri haifanyi kazi hivyo. Bolti ikikazwa inavyopaswa hulibana bamba dhidi ya chesisi. M12 ya 10.9 inabana kwa nguvu inayofikia tani tano. Msuguano wa chuma kwa chuma ndio unaozuia breketi isiteleze, na bolti inabaki ikivutika kidogo bila kuguswa ubavuni. Ikiwa imelegea, breketi hucheza kila kamba inapokaza, hugonga bolti kwa ubavu, tundu huwa yai, na kazi imeisha. Ndiyo sababu siipendi rangi nene kati ya breketi na chesisi. Rangi husagika polepole chini ya mbano, nafasi inabaki, bolti inalegea bila mtu kuigusa. Sugua pande zote mbili hadi chuma kionekane, paka koti jembamba la kuzuia kutu, funga, halafu ndipo upake rangi kwa nje.

Kwenye gari kuukuu swali la kwanza linahusu chesisi yenyewe, breketi baadaye. Miaka thelathini ya matope yaliyoingia ndani ya boksi la chesisi na kukaa humo huila kutokea ndani. Chukua nyundo ndogo, gonga kuanzia ncha ya mbele kurudi nyuma kwa hatua fupi. Chuma kizima hulia. Kilicholiwa hujibu kwa sauti butu. Chokonoa na bisibisi penye shaka. Angalia kwa tochi pembeni ya sanduku la usukani na kwenye masikio ya springi, kwani hapo nyufa hupenda kuanza, na chesisi iliyorefushwa ikaguliwe kwenye kila kiungo cha kuchomelea. Ukikuta kutu imetoboa, rekebisha chesisi kwanza. Hakuna breketi inayoweza kushika kitu ambacho hakipo.

Bolti za zamani zimwagie mafuta ya kulainisha kutu usiku wa kuamkia kazi, tena asubuhi. Ziguse kwa nyundo, kisha zungusha kidogo mbele, kidogo nyuma. Haraka ndiyo inayokata kichwa cha bolti na kuacha mwili wake ndani ya nati. Zikishatoka, pitisha kifaa cha kukatia meno chenye hatua ileile ili kuondoa tope na rangi, puliza hewa, jaribu bolti mpya kwa vidole. Inapaswa kuingia hadi mwisho bila spana.

Matundu ya breketi yasipolingana na ya chesisi, kishawishi ni kuyapanua kwa grainda. Usifanye hivyo. Tundu lililopanuliwa huiacha breketi itembee. Rudisha breketi, au toboa tundu jipya kwa drili kwenye bamba, mbali na ukingo. Kutoboa chesisi ni hatua ya mwisho, na ukilazimika, jua kwamba chesisi ni boksi lenye utupu ndani. Bolti inayopita kutoka ubavu hadi ubavu ikikazwa huzikunja kuta zake ziingie ndani. Dawa yake ni bomba fupi la chuma ndani ya boksi, lenye urefu sawa na upana wa ndani, bolti ipite katikati yake. Zile pete za JATE zinazofungwa kwenye Land Rover hutumia njia hiyohiyo ya kupita chesisi nzima. Jina lake limetokana na kitengo cha kijeshi cha Uingereza kilichoshughulikia usafirishaji wa magari kwa ndege.

Kuchomelea je? Mafundi wetu ni hodari wa kuchomelea, na breketi ya bamba la kawaida iliyochomelewa na mtu anayejua inaweza kudumu. Lakini kulabu yenyewe usiichomelee. Kulabu nzuri imefuliwa na kupewa ugumu kwa moto uliopimwa. Moto wa welding huuvuruga ugumu huo pale pale panapobeba mzigo, na hutaona tofauti kwa macho hadi siku ya kuvunjika. Kulabu ifungwe kwa bolti.

Funga mbili, moja kila upande wa chesisi. Gari likivutwa kwa upande mmoja, ncha ya chesisi inapindishwa, na kwenye gari kuukuu mpindo huo haurudi. Kulabu mbili huunganishwa kwa mkanda mmoja unaotengeneza pembe tatu mbele ya gari, na kamba kuu hufungwa kwenye kilele cha pembe hiyo. Mkanda uwe mrefu. Pembe ya kilele ikiwa nyuzi 60, kila kulabu hubeba asilimia 58 ya mzigo; ikipanuka hadi nyuzi 120 kwa sababu mkanda ni mfupi, kila moja hubeba mzigo wote, na kuzivuta zielekeane juu ya hayo. Ukiona mkanda umelala karibu sawa na bampa, urefushe.

Siku ya kwanza ya kujaribu, usianze na mvuto wa kasi. Fungia kamba, lete mvuto wa taratibu kwenye ardhi ngumu huku gari la nyuma likiwa na breki kidogo, watu wote wakiwa mbali kuliko urefu wa kamba, blanketi nzito au turubai lenye udongo likiwa limetandazwa katikati ya kamba. Kisha ingia chini ya gari. Baada ya kukaza bolti, kabla ya kufungia kamba, uwe umechora mstari wa rangi nyeupe kutoka kichwa cha kila bolti hadi kwenye breketi. Tazama kama mistari bado imenyooka. Iliyokatika inaonyesha bolti iliyosogea. Ikaze kwa spana ya kupimia mkazo, chora upya, na urudi kuitazama baada ya mvuto mwingine.